Kuta za mawe za Mto Seine, mfereji wa Nakivubo na magati yetu: tuache kuvichanganya

Tangu mjadala wa kuufunika mfereji wa Nakivubo ulipopamba moto hapa Kampala mwaka 2025, kuna aina moja ya picha inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: Mto Seine, Paris, kuta za mawe pande zote mbili, watu wamekaa kando ya maji wanapunga upepo, na chini yake mtu ameandika "kwa nini sisi hatuwezi". Wengi tuliuona mto huo Julai 2024 kwenye ufunguzi wa Olimpiki, wanamichezo wakipita na mashua kilomita kama 6 katikati ya mji, na siku chache baadaye Joshua Cheptegei akatutolea dhahabu ya mita 10,000, kwa hiyo Paris imekaa vichwani mwetu. Swali lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba limefunga pamoja vitu ambavyo havifanani kazi, na ukivichanganya utajenga kitu kibaya mahali pasipostahili au utabomoa kitu kizuri bila kujua ulikuwa nacho.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Gati ni mahali chombo kinapokuja kulala ubavu ili watu washuke na mizigo ipakuliwe. Likijengwa kufuata ukingo wa mto wenyewe, yaani ukuta umesimama karibu wima kutoka chini ya maji mpaka juu na nyuma yake pamejazwa udongo na kifusi hadi pakawa uwanja, hilo ndo gati la ukingoni, na ndilo la kwenye picha za Paris. Likitokeza kuingia ndani ya maji kama pale Jinja au Port Bell, bandari zetu za Ziwa Victoria, hilo pia ni gati, ila maji yanalizunguka. Halafu kuna ukuta wa kingo tu, ambao kazi yake ni kuzuia udongo usiliwe na maji, hauna ngazi, hauna pete ya kufungia kamba, boti haina shughuli nao. Na kuna mfereji, kama Nakivubo: njia ya kutoa maji ya mvua na uchafu mjini yaende zake haraka. Nakivubo unapita katikati ya mji, unaingia kwenye kinamasi upande wa Luzira na kumwaga Murchison Bay kwenye Ziwa Victoria, ghuba hiyo hiyo ambako maji ya bomba ya Kampala yanavutwa pale Ggaba. Hakuna aliyewahi kufunga jahazi Nakivubo akashusha pamba. Kwa hiyo ukipeleka picha ya gati kwenye hoja ya mfereji, umeshaanza vibaya.

Sasa gati la mawe linasimamaje? Hapa ndo utamu wenyewe. Kuta hizi za zamani hazina nondo wala chuma cha kuzishika, zinasimama kwa uzito wake. Ukipita Kisenyi kwenye maghala ya mahindi utaona jinsi wale vijana wanavyopanga magunia: chini wanaweka safu pana, juu inapungua, na rundo lote linaegemea nyuma kidogo ili mzigo usije ukawaangukia wateja. Ukuta wa gati uko hivyo hivyo, chini mnene, juu mwembamba, uso wake umelala nyuma kidogo kuelekea nchi kavu, kwa sababu udongo uliojazwa nyuma unausukuma usiku na mchana kuelekea majini, na kinachopambana na ule msukumo ni uzito wa mawe basi. Mawe yale mazuri yaliyochongwa unayoyaona ni ya usoni tu. Nyuma yake kuna mawe ya hovyo hovyo, kifusi na chokaa, na juu kabisa linalazwa jiwe pana zito linalofunika kichwa cha ukuta, hilo ndilo linalopigwa na kamba, mapipa na magurudumu, kwa hiyo mafundi walichagua jiwe gumu kuliko yote, mara nyingi granaiti.

Na chini je? Chini ya miji mingi ya Ulaya kuna matope, na jiwe zito ukiliweka kwenye matope linazama. Walichofanya ni kuzungushia sehemu ya mto kwa uzio wa mbao na udongo wa mfinyanzi, kuchota maji yote yaliyo ndani, halafu kupigilia magogo marefu ardhini moja baada ya jingine mpaka yagome, juu yake wakalaza mbao kama sakafu, na juu ya sakafu hiyo ndo ukuta ukaanza. Watu wakisikia hivi wanasema basi lazima yameshaoza. Hapana, gogo likikaa chini ya maji muda wote linadumu mamia ya miaka, maana wadudu na ukungu wanaoozesha mbao wanahitaji hewa. Linaloua gogo ni maji kushuka. Kichwa cha gogo kikipata hewa, kikalowa, kikakauka, kikalowa tena, hapo kuoza kunakwenda mbio. Amsterdam wanahangaika na kuta za namna hii sasa hivi, wana kama kilomita 200 za kuta za kingo za mifereji zinazosimama juu ya magogo ya zamani zilizojengwa enzi za mikokoteni ya farasi na leo zinabeba malori, na Septemba 2020 kipande cha ukuta pale Grimburgwal kiliporomoka majini. Kwa hiyo yale maneno kwamba "jiwe ni la milele" yaondoe kichwani. Jiwe linadumu ikiwa kilicho chini yake kinadumu na kilicho nyuma yake kinatoa maji.

Hilo la nyuma nalikazia kwa sababu ndilo linaloangusha kuta nyingi kuliko mto wenyewe. Mafuriko yakija, maji yanapanda mbele ya ukuta na pia yanajipenyeza kwenye udongo wa nyuma, pande mbili zinalingana, ukuta uko salama. Hatari inakuja mto ukishuka ghafla. Mbele maji yameondoka, nyuma bado udongo umeloa chepechepe na mzito kuliko kawaida, hakuna tena maji ya mbele ya kuusaidia ukuta, unasukumwa kutoka nyuma peke yake. Ndiyo maana ukiangalia vizuri kuta za zamani utaona vitundu vidogo vimeachwa makusudi kati ya mawe, ni vya kutolea maji ya nyuma, na fundi wa leo anayekuja na ndoo ya saruji akaviziba kwa sababu "vinavuja" amefanya kosa kubwa sana. Saruji yenyewe ni shida nyingine. Waashi wa zamani walijengea chokaa, laini kuliko jiwe, inapitisha unyevu, ukuta ukicheza kidogo ni chokaa inayopasuka na unaibandika upya. Ukija na saruji ngumu juu ya jiwe laini la chokaa, unyevu unakosa njia kwenye maungio unaanza kutokea kwenye jiwe lenyewe, uso wa jiwe unabanduka vipande vipande, na baada ya miaka kadhaa una saruji nzima na jiwe lililoliwa. Nimeona kuta za mawe hapa Uganda zimefanyiwa hivi hivi na roho inauma, kwa sababu aliyefanya alidhani anaokoa.

Turudi Paris, maana mto ule una mengi. Gati la kwanza kabisa la mawe pale ni la mwaka 1313, mfalme Philippe IV aliamuru lijengwe upande wa kushoto wa mto, leo panaitwa Quai des Grands-Augustins. Kabla ya hapo ulikuwa ni ukingo wa kawaida unaoteremka, una miti, na kila mto ukijaa maji yanaula. Lakini usidhani baada ya hapo Paris nzima ikapata mawe, la hasha. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya kingo ilibaki mchanga na matope, mashua zinavutwa mpaka nchi kavu, watu wanashusha divai, ngano, nyasi za farasi na kuni kwa mabega. Kuta zilijengwa kipande kwa kipande, mfalme huyu hapa, gavana wa mji pale, Napoleon naye akasukuma sehemu yake mwanzoni mwa miaka ya 1800, na mstari tunaouona leo umekamilika zaidi karne ya 19. Kwa hiyo ule "mji uliopangwa" wa kwenye picha ni miaka 500 na zaidi ya viraka.

Kinachofanya wataalamu wauheshimu ni mpangilio wake wa ngazi mbili. Juu kuna barabara na ukuta mfupi wa kuegemea, pale ndipo wauza vitabu wa zamani wanafunga masanduku yao. Chini, karibu kabisa na maji, kuna gati la pili, na hilo ndilo lilikuwa la kazi, mashua inafunga, mzigo unashuka, mkokoteni unapanda kwa njia ya mteremko iliyokatwa ndani ya ukuta, wachukuzi wanapita ngazi. Ukienda leo mawe yaliyolikwa na kamba yapo, pete za chuma zipo, miteremko ipo. Kingo za Seine ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1991, na kilichoorodheshwa ni mto, madaraja, magati na majengo pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine hakieleweki. Hata hivyo wao wenyewe waliwahi kuupuuza. Mwaka 1967 walifungua barabara ya magari ya kasi juu ya gati la chini upande wa kulia, ikabidi mtu asikie injini badala ya maji kwa karibu miaka 50, mpaka 2013 walipofunga kipande cha barabara kama hiyo upande wa kushoto na 2016 kile cha kulia wakarudishia watembea kwa miguu. Wale waliokaa kwenye picha wanapunga upepo wamekaa mahali palipokuwa barabara kuu juzi tu.

Halafu kuna imani kubwa kuliko zote, kwamba kuta hizi zimejengwa kuzuia mafuriko, hivyo sisi tukijenga kama zile Kampala haitafurika tena. Gati la chini la Paris limejengwa likijua litafunikwa na maji. Juni 2016 Seine ilipanda mpaka mita 6.10 na Januari 2018 mita 5.88, gati la chini lilizama lote na mji wa juu ukaendelea na shughuli, ilivyotakiwa iwe. Ile sehemu ya chini inaupa mto nafasi ya kutanuka. Na Januari 1910, mto ulipofika mita 8.62, sehemu kubwa ya maji yaliyoingia mjini hayakuruka ukuta, yalipita kwenye mabomba ya maji machafu, mashimo ya reli ya chini ya ardhi na vyumba vya chini vya majumba, yakatokea mitaani mbali na mto, watu wakashangaa. Ukuta ulisimama, mji ukalowa. Sisi ambao maji yetu yanatoka juu ya vilima, Nakasero, Kololo, Makerere, yanashuka mabondeni kwa nusu saa yakiwa na chupa za plastiki, ukuta wa mawe kando ya mfereji hautusaidii chochote kama mlango wa mfereji umeziba na kinamasi kilichokuwa kinayameza kimejengwa.

London ni mfano mzuri wa kitu kinachofanana na gati lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Mwaka 1858 Mto Thames ulinuka mpaka bunge likashindwa kukaa, mji mzima ulikuwa unamwaga choo mtoni. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi, na kati ya mambo aliyofanya ni kujenga ukuta mkubwa wa granaiti ndani ya mto, Victoria Embankment, ukafunguliwa 1870, na nyuma ya ukuta huo akalaza bomba kubwa la kukusanya maji machafu, njia ya mabomba ya gesi na maji safi, na reli ya chini ya ardhi. Uso ni wa mawe ya kupendeza, una vichwa vya simba vyenye pete mdomoni, lakini ndani ni mtambo wa usafi wa mji. Na ulikuwa na gharama yake: mto ulibanwa ukawa mwembamba na magati ya zamani yakafukiwa. Kuna lango moja la mawe la miaka ya 1620 ambapo matajiri walikuwa wanapanda mashua moja kwa moja kutoka bustanini, leo limesimama kwenye nyasi, maji yako zaidi ya mita 100 mbele yake. Lango zuri, limetunzwa, ila halina mto.

Kwa wale wa "tufunike tu mambo yaishe", Paris pia ilifunika. Ulikuwepo mto mdogo unaitwa Bièvre, wa watengeneza ngozi na wafua nguo, ukachafuka sana, ukafunikwa kidogo kidogo mpaka 1912 haukuonekana tena ndani ya mji. Leo kuna mipango ya kuufumua tena baadhi ya vipande. Seoul walikwenda mbali zaidi, wakabomoa barabara ya juu na kuufunua mto wa Cheonggyecheon mwaka 2005. Kufunika ni rahisi kuliko kufunua, hilo walioko kwenye mjadala wa Nakivubo walipime.

Sasa sisi. Watu wanauliza, tuna Nile, mto mkubwa kuliko Seine mara nyingi, Jinja iko pale pale unapoanzia, mbona hakuna magati ya mawe marefu kama yale? Jibu liko kwenye mto wenyewe. Seine ni mto mpole unaobeba mashua mamia ya kilomita. Nile ikitoka Jinja inaanguka, ilikuwa na maporomoko ya Ripon pale pale mlangoni, yamezama tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954, na baada ya hapo ni mawe na povu kwa safari ndefu. Hakuna chombo cha mizigo kinachopita, basi gati la nini? Ndiyo maana mwaka 1912 ilijengwa reli kutoka Jinja kuyakwepa maporomoko mpaka Namasagali, huko Kamuli, ambapo mto umetulia. Pale ndo palikuwa na bandari ya mtoni hasa, pamba inakuja na meli za mvuke kutoka Ziwa Kyoga, inapanda treni, inashuka Jinja, inavuka ziwa mpaka Kisumu na kwenda Mombasa. Upande mwingine abiria walitoka Namasagali kwa meli mpaka Masindi Port, barabara hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, na meli tena kuelekea Congo au Nimule, mpakani mwa Sudan. Huo ulikuwa mnyororo mmoja, na kila ulipobadilisha chombo palikuwa na gati, ghala, winchi na kijiji cha wachukuzi.

Mnyororo ulikatwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilinyesha kupita kiasi, maziwa yakapanda yote, Butiaba ikazama, meli maarufu ya Robert Coryndon ikafia hapo hapo kwenye maji, Namasagali nayo ikaharibika na majengo yake ya reli yakageuzwa shule, ile Namasagali College iliyosomesha watu wengi wakubwa wa nchi hii. Kilele cha Ziwa Victoria cha 1964 kwenye kipimo cha Jinja hakikufikiwa tena mpaka Mei 2020, tulipoona Port Bell na fukwe za Entebbe chini ya maji. Jinja na Port Bell hazikufa kwa maji, zilipungua kwa sababu treni ilifika Kampala moja kwa moja mwaka 1931 baada ya daraja la reli kuvuka Nile pale Jinja, na jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 shirika la pamoja la reli na meli likagawanyika, safari zikakauka zaidi.

Kuna wanaosema hayo ni ya wakoloni, yaende. Naelewa uchungu ulioko nyuma ya maneno hayo, reli na magati yalijengwa kutoa pamba yetu, hilo halina ubishi. Lakini nani alibeba jiwe? Nani alisukuma behewa, nani alijaza kuni kwenye meli, ni watu wa Busoga, Bunyoro, Lango, Luo, Wahindi wa reli, watu wa pwani waliokuja na Kiswahili hiki tunachoandika. Hata kuta za Paris hazikujengwa na wafalme, zilijengwa na waashi maskini, wengi wa karne ya 19 walikuwa wakulima kutoka Creuse, mkoa wa katikati ya Ufaransa, waliotembea kwa miguu kila mwaka kwenda kutafuta kibarua, na majina yao hayako kwenye kibao chochote. Ukibomoa gati la Jinja au ukaling'oa reli yake ukauza chuma chakavu, jina la gavana litabaki kwenye vitabu, Port Bell itaendelea kuitwa kwa jina la Hesketh Bell, gavana wa kikoloni, mpaka kwenye chupa ya bia. Kitakachopotea ni alama pekee ya mchukuzi.

Tangu 2023 Uganda ina sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kihistoria iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, kwa hiyo njia ya kuomba mahali palindwe ipo. Kinachokosekana ni watu kujua cha kulinda. Tukisikia urithi tunafikiri jengo lenye nguzo na paa la vigae, ghala la mabati pembeni mwa gati tunaliona takataka. Kwenye gati vile vidogo ndivyo vinavyosema: vigingi vya chuma vya kufungia meli, pete, jiwe la ukingoni lenye michirizi ya kamba, reli inayoishia ukingoni mwa maji, mteremko wa kuvutia mtumbwi, alama za kiwango cha maji. Vyote hivyo ni vya kwanza kuondolewa mkandarasi akija "kuboresha", na kwa kuwa havionekani kwenye mchoro wake hakuna anayeuliza vimeenda wapi.

Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote ya ukarabati Port Bell, Jinja, Butiaba au Namasagali, vipimwe na kupigwa picha kimoja kimoja, vibaki mahali pake vinapoweza kubaki, maungio ya mawe yajazwe chokaa, matundu ya maji yaachwe wazi, na wazee waliofanya kazi pale waulizwe wangali hai maana wao ndo wanajua kigingi kipi kilikuwa cha meli gani. Nakivubo ibaki kwenye mjadala wake wa taka, kinamasi na mafuriko, na huo nao ni mzito wa kutosha.